Gari ikisimama nani analipa? Mabosi wawili niliowaendeshea lori Dar–Congo

Kuna dogo wa mtaani kwetu kamaliza kozi ya magari makubwa, leseni ya E anayo mkononi bado inanukia mpya, akaja kuniuliza bro niende wapi, kuna tajiri ananipa laki tisa kwa safari na kuna kampuni inanipa laki sita. Nikamwambia kaa chini. Nilivyoanza kumwelezea nikaona hii kitu inataka kuandikwa maana si yeye peke yake, kila mwezi vijana wanatoka vyuoni na swali ni lile lile, na mi hilo swali nililijibu vibaya nikalipia kwa miezi kumi.

Kwa hiyo hii ni tathmini ya waajiri wawili niliowafanyia kazi kwenye njia ya Dar–Tunduma–Lubumbashi. Majina siyataji, wala wa kwanza wala wa pili.

Kwanza mjue nilitokea wapi. Nilikuwa na D ya kuendeshea Hiace ya dukani, 2018 nikaenda NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, nikasoma magari makubwa, nikapandisha E. Chuo kizuri na walimu wanajua, ila mtu asikudanganye kwamba ukitoka pale umekuwa dereva wa lori. Umekuwa mtu anayeruhusiwa kujifunza lori. Matangazo yote ya kazi yanasema uzoefu miaka 3, miaka 5, sasa huo uzoefu unaupata wapi kama hakuna anayekupa gari? Mi nilipitia lokali, kuvuta makonteina toka bandarini kwenda kwenye bandari kavu hapa hapa Dar, miezi kama nane hivi. Watu wanaidharau lokali kwa kuwa hamna hela, lakini pale ndo nilijua kurudisha tela nyuma, unapewa kanafasi kembamba katikati ya makonteina mawili na watu wamekusimamia wanapiga kelele, ukikosea unatoka unaanza tena. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa, kama unapata lokali chukua. Wengine wanaanzia utingo, nayo ni njia nzuri kama dereva wako ana moyo wa kufundisha.

Na kitu kimoja nikiseme mapema: ukiambiwa utoe hela ya fomu au ya "kumwona mkubwa wa ajira" ondoka. Dalali wa ajira za udereva wapo wengi, anakukalisha na wenzako kumi kwenye kibaraza, anachukua elfu hamsini hamsini, kesho simu haipatikani. Mwajiri mwenye gari za kweli anataka kukuona ukirudisha tela.

Sasa tajiri.

Septemba 2019 nikapata tajiri mwenye gari nne, zote Scania zimetumika, kichwa na semi. Nilivyoziona nikapagawa. Zimepakwa rangi mpya, taa za mbele kibao, kiti kimevikwa ngozi, redio balaa. Posho laki tisa kwa safari ya Lubumbashi kwenda na kurudi. Wenzangu wa lokali nilivyowaambia laki tisa walinyamaza. Mkataba nikauliza mara moja tu, akanijibu kijana wangu sisi hapa ni familia, makaratasi ya nini. Nikaona aibu kuuliza tena, kweli kabisa niliona kama nimemkosea heshima mtu mzima anayenipa kazi.

Kosa langu la kwanza hili hapa. Niliuliza posho ni kiasi gani, sikuuliza posho inalipia nini. Kwa yule tajiri laki tisa ilikuwa inalipia kila kitu: chakula changu, chakula cha utingo na hela yake, maegesho ya usiku, ushuru wa njiani, pancha, balbu ikiungua, kijana wa kufuatilia dokumenti boda ukitaka zisogee. Ukitoa vyote hivyo ndo unabaki na chako, na chako kinategemea umekaa siku ngapi barabarani maana posho ni ya safari siyo ya siku. Kwenye karatasi safari ni kama kilomita 1,900 kwenda Kasumbalesa, boda ya Zambia na Congo, ukiiangalia hivyo unasema siku tano nimefika. Lakini kuna foleni ya Tunduma na kuna foleni ya Kasumbalesa, na hizo foleni hazijali hesabu zako. Safari zangu nyingi zilikuwa wiki tatu, wiki nne. Gawa laki tisa kwa siku 27, toa utingo, toa pancha, utaona unabaki na nini.

Safari ya pili tairi. Niliiona Dar kabla sijatoka, tairi ya tela upande wa kushoto imelika mpaka imekuwa kipara, nikamwambia tajiri, akaniambia nenda nayo ukirudi tutabadilisha. Tukapita mlima wa Kitonga salama, tukapita Makambako, kabla ya Igawa ikapasuka mchana wa jua kali, vipande vikapiga madigadi na bomba la upepo la breki. Kalori kadogo ka mchanga kalikuwa nyuma yangu kakakwepa, namshukuru Mungu mpaka leo. Nikapiga simu. Swali la kwanza la tajiri halikuwa mko wazima? Swali la kwanza lilikuwa ulikuwa unakimbia spidi ngapi. Tairi ikanunuliwa Mbeya na ile laki saba akanikata mimi, kwenye safari mbili, kwa mdomo tu bila karatasi yoyote.

Wakati ule nilijua ndo utaratibu. Sasa hivi najua siyo, na nataka kila kijana anayeanza alijue hili kabla hajashika usukani wa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imesema wazi, mwajiri hawezi kukukata mshahara kwa sababu ya hasara mpaka iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akuandikie chanzo na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na hata akikukata makato yote yasizidi robo ya mshahara wako. Tairi iliyokwisha ambayo nilimwambia kabla sijatoka, kosa langu liko wapi hapo? Na kitu kingine sikukijua: hata kama huna mkataba wa maandishi, kesi ikifika mbele, ni mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini, maana kuandika yale masharti ni kazi yake. Mi nilikuwa nadhani bila karatasi sina haki hata ya kufungua mdomo. Pale CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ukiachishwa kazi bila haki una siku 30 za kulalamika, madai mengine siku 60. Mi siku zangu zilipita nikiwa nazunguka kutafuta kazi nyingine.

Ila kilichonitoa kwa tajiri siyo tairi. Ni Mei 2020. Kipindi kile cha korona Zambia wakafunga boda ya Nakonde inayopakana na Tunduma, mi niko Tunduma na mzigo wa salfa unaenda migodini Congo. Malori yamesimama mstari ambao mwisho wake huuoni, madereva tunalala ndani ya kabini, kuoga ni kwa kulipia, chakula bei imepanda maana watu wamejaa. Boda ilivyofunguliwa ikaja foleni ya vipimo. Hela ikaisha. Utingo wangu kijana wa Kilosa alikuwa ananiangalia asubuhi hasemi kitu, nikajua ana njaa na mi sina. Nikampigia tajiri nikamwambia mzee posho imeisha tusaidie hata laki moja ya kula. Akanijibu, kwani boda nimefunga mimi?

Hilo neno sijalisahau. Hakuifunga yeye, kweli, lakini sikuifunga mimi pia, na gari ni yake na mzigo ni wake. Tulilishwa na dereva mmoja wa kampuni nyingine aliyeegesha mbele yetu, alikuwa na jiko la gesi na gunia la mchele, na usiku mmoja akaniambia kampuni yao posho ni laki sita tu ila wanatumiwa kwenye simu hela ya siku za kusimama, baada ya siku tatu za kukwama kila siku elfu ishirini. Nilivyosikia nikaanza kuhesabu kichwani. Wale wa laki sita walikuwa wanakula na mi wa laki tisa naomba.

Tajiri namba moja, nampa 1 na nusu kati ya 5. Ile nusu ni kwamba alinipa gari wakati wengine walikuwa wananiuliza uzoefu, na hilo sitalikana.

Kampuni ya pili nikaingia Novemba 2020, ni ile ile ya yule bwana wa mchele. Safari hii nikafanya tofauti, kabla ya kupeleka barua nilienda kukaa mgahawani nje ya geti siku mbili. Ukitaka kumjua mwajiri wa malori usiongee na ofisi, kaa pale madereva wanapokunywa chai wakitoka safari. Niliwauliza vitu vitatu tu. Gari ikiharibika porini nani anakuja na baada ya muda gani. Mara ya mwisho mtu kukatwa hela ilikuwa kwa sababu gani. Na cha tatu, dereva aliyepata ajali mwaka huu yuko wapi sasa hivi. Hili la tatu ndo linaonyesha rangi. Kwa tajiri wangu dereva aliyetangulia alipata ajali akavunjika mguu na jibu la alipo lilikuwa "sijui, alirudi kwao". Hapa waliniambia yule pale, amekaa kwenye dawati la mafuta, mguu haujapona vizuri wamempa kazi ya ofisini. Nikamwona kwa macho yangu.

Afu nikaangalia gari zinavyotoka getini. Kuna kijana anapita na chuma anagonga tairi moja moja anasikiliza mlio, mwingine anachungulia pale kichwa kinapokamatana na tela kama loki imeshika, dereva anasaini karatasi, na niliona gari moja ikirudishwa ndani kwa sababu ya taa ya nyuma. Taa tu! Mi nilipelekwa Congo na tairi kipara.

Mkataba walinipa kabla sijagusa gari, kurasa sita za Kiswahili. Mshahara 450,000 unapita benki, NSSF wanapeleka ile asilimia 20 nusu yao nusu yangu, na nimesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani nikiumia kazini kuna pa kushika. Likizo siku 28. Vijana wengi wanaona NSSF ni kukatwa hela, jamani siyo, na angalia kama inafika kweli, usiishie kuiona kwenye karatasi ya mshahara. Madereva wakubwa zetu waligoma nchi nzima Aprili 2015, Mei wakarudia, na mkataba ulikuwa ni mojawapo ya vitu walivyokuwa wanadai. Sasa mtu anakupa kazi leo hii anakwambia sisi ni familia makaratasi ya nini, mwambie hata kwenye familia cheti cha ndoa kinaandikwa.

Posho laki sita, lakini ni ya kula na kulala tu. Ushuru, maegesho, pancha, vyote vina fungu lake na risiti. Siku za kusimama zinalipwa.

Ila kilichonifanya niseme hapa ndo pa kuanzia siyo hela, ni kwamba miezi mitatu ya kwanza hawakuniachia gari. Walinikalisha na mzee mmoja tunamwita Babu, ana miaka zaidi ya ishirini kwenye ile njia, mpole lakini kwenye kiti cha dereva haongei mara mbili. Nilinuna. Nilishaenda Congo mara saba na tajiri, nikaona wananidharau. Tulivyofika Kitonga tunashuka akaniuliza unaingia na gia gani, nikamjibu, akasema ulikuwa unashuka hivyo mara saba zote? Akasimamisha gari juu kabisa kabla ya mteremko, tukashuka chini akaniambia shika rimu. Ya moto. Akaniambia huo moto umeutengeneza kwenye vimilima vidogo vya nyuma kwa kukanyaga kanyaga breki, sasa ungeanza Kitonga na breki zimeshachoka. Gia chini kabla ya mlima siyo katikati ya mlima, breki ya injini iwe imeshika, mguu ukanyage kidogo uachie, na mshale wa upepo wa breki uuangalie kama unavyoangalia barabara. Usiku wa manane dereva mgeni akikosa gia katikati ya mteremko na mzigo wote ule mgongoni hamna dua itakayomrudishia. Pale Uyole kuna Mlima Nyoka, kuna Iwambi pale Mbalizi, kuna Senjele, watu wa Mbeya wanajua hiyo milima imemeza watu wangapi. Mi nilikuwa napita pale mara saba kwa bahati tu na nilidhani ni ujuzi.

Babu alinifundisha na vingine ambavyo chuo hakiwezi. Mikumi ile kilomita 50 ya hifadhi upunguze kweli, ukigonga mnyama kuna faini na jina lako ndo liko kwenye karatasi. Mzigo wa shaba ukirudi nao usisimame pasipo na gari zenzako hata kama unaumwa na haja. Mtu akikufuata na dumu usiku anataka mafuta, usimtukane, mwambie gari ina kifaa cha kufuatilia basi, ila usiuze hata lita tano, maana aliyeuza tano leo kesho anajulikana barabara nzima na kuna siku watamfuata kwa ajili ya mzigo siyo mafuta. Lubumbashi ongea Kiswahili taratibu wala usicheke cha kwao, wanachanganya na Kifaransa lakini mnaelewana, na heshima inakufungulia milango kuliko dola.

Na mizani. Tangu Machi 2019 ile sheria ya Afrika Mashariki ya uzito ilipoanza kutumika hapa kwetu, mizani siyo mchezo, Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba, kote huko unapimwa. Uzito wa jumla unaweza kuwa sawa lakini ekseli moja, yaani mstari mmoja wa magurudumu, ikazidi kwa sababu mzigo umepangwa vibaya au umehama kwenye mashimo. Kwa tajiri mzigo ukizidi ni "jiongeze", yaani toa hela yako au baki hapo. Kampuni hii kuna namba ya simu inapokelewa saa ishirini na nne, unaripoti, wanakutumia watu wa kupanga mzigo upya, faini ni yao maana wao ndo walipakia.

Kasoro zao zipo. Kamera ya ndani ya kabini inakuangalia wewe mpaka ukipiga miayo, mi mpaka leo sijaizoea. Mafuta wanakupimia kilomita 2 na nusu kwa lita, na foleni za kuwasha na kuzima hawazihesabu vizuri, kila mwezi lazima ukabishane dirishani na ile karatasi yako ya kumbukumbu, kwa hiyo andika kila kitu, saa uliyosimama, saa uliyoondoka. Likizo wanapenda kukuambia uiuze. Mshahara umewahi kuchelewa siku kumi na moja bila hata meseji, na hilo liliniuma maana mtoto alikuwa anafungua shule. Na gari siyo za kupigia picha, kiti cha kitambaa, redio mbovu. Naipa 4 kati ya 5 na hiyo moja nimeitoa kwa moyo mmoja.

Dogo alinisikiliza, akaniuliza sasa laki tatu yote hiyo niiache? Nikampigia hesabu kwenye kaunta buku, siku kwa siku, akachukua daftari akaondoka nalo. Jumanne akaenda kufanya testi, kurudisha tela mara ya kwanza akagonga koni, ya pili akaingia. Wamempeleka kwa Babu.

Jana jioni kanipigia yuko Mpemba kwenye mizani, ekseli ya nyuma ya tela imezidi, Babu kaenda msalani na yeye anatetemeka anauliza atoe elfu themanini aliyonayo yaishe. Nikamwambia hela irudishe mfukoni, piga namba ya ofisini kwanza.